Vikapu Ishirini vya Shangazi Mwanahawa

Mkurugenzi Methusela alirudi kutoka semina ya siku tatu na neno jipya mdomoni: kifungashio. Miaka yote zawadi za Krismasi za shirika lake la mazingira, pale Nkuhungu, zilifungwa kwa karatasi za kumetameta kama za watu wengine. Mwaka huu, alitangaza, karatasi ya kumetameta ni dhambi.

"Nimeagiza karatasi yenye mbegu kutoka ng'ambo," aliwaambia wafanyakazi. "Ukishafungua zawadi unaifukia, inaota maua."

Karatasi ikaja. Ilikuwa imeviringishwa kwa nailoni tabaka tatu, ikalazwa kwenye maboksi yaliyojaa povu jeupe la plastiki. Stoo ilikuwa inavuja, na mvua za Desemba hazina adabu. Siku ya kuifungua, karatasi ilikuwa imeshaota. Mbegu hazikusubiri hotuba.

Nasra, mtunza kumbukumbu wa shirika, akapewa siku mbili kutafuta njia nyingine. Akampigia shangazi yake Mwanahawa, kijijini Busi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo umenikumbuka, nani kafa?"

"Hajafa mtu. Naomba vile vikapu vyako ishirini vya ukindu."

Mwanahawa alivisuka kiangazi kizima, kwa ajili ya kupeleka vitu nyumbani kwa mchumba wa Hamza, kitindamimba wake. Harusi ilikuwa Januari.

"Naazimisha, sigawi," alisema. "Virudi ishirini. Na kwetu unapajua, chombo hakirudi kitupu. Kikipungua hata kimoja, harusi ya Hamza utaisikia kwenye simu."

Nasra akaapa. Hamza alikuwa amelelewa naye chungu kimoja. Kuikosa harusi yake kungekuwa msiba.

Siku ya hafla mkurugenzi alivizunguka vikapu mara mbili, uso umemkunjamana. "Havimetameti," alisema. "Kwenye picha vitaonekana kama tunatoka sokoni." Akaamuru kila kikapu kivishwe nailoni ang'avu na utepe mwekundu juu. Kisha akahutubia dakika arobaini juu ya ubaya wa plastiki, akimaliza chupa sita ndogo za maji.

Nasra alipita kwa mgeni mmoja mmoja akinong'ona, "Kikapu kinarudi, mheshimiwa." Wadau wakacheka. Mmoja akamwambia, "Binti, una utani wewe!"

Mkurugenzi akamvuta pembeni. "Kifungashio hakirudi, Nasra. Kingekuwa kinarudi kingeitwa mkopo."

Wadau watatu hawakutokea, zawadi zao wakapewa dereva Matonya, mpika chai Edina na mlinzi Shaaban. Kabla mwaka haujageuka, vikapu vya hao watatu vilikuwa mezani kwa Nasra: kimoja na karanga, kimoja na unga wa uwele, kimoja na mayai matano yaliyolazwa kwenye nyasi kavu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kwenda semina.

Kumi na saba kimya. Nasra alipiga simu. Mdau mmoja alikuwa kikaoni. Wa pili alikuwa anatoka kikaoni. Wa tatu alikuwa kwenye kikao cha kupanga kikao. Mkurugenzi mwenyewe, alipoulizwa cha kwake alichojitengea, alikumbuka ghafla kwamba ana kikao.

Wiki ya harusi ilipokaribia, Nasra alikumbuka alichosomea. Mji huu hausikii mtu, unasikia barua. Akaandika: *Yah: Ufuatiliaji wa Vifungashio.* Akaweka kumbukumbu namba, akagonga muhuri, chini akaandika nakala kwa wafadhili. Ndani alisema kila kikapu kirejeshwe kabla ya Jumatatu, kikiwa si kitupu, kwa mujibu wa utaratibu. Hakuna aliyeuliza utaratibu gani. Hata Methusela alipoona neno "wafadhili" hakuuliza nani ameiandika, alimwita dereva alete cha kwake.

Kufikia Jumatatu magari makubwa yalikuwa yameshusha vikapu vyote kumi na saba. Vilijaa: kalenda, shajara, fulana, maji ya chupa, na kalenda tena. Nyingi zilikuwa kalenda za Methusela, uso wake kila mwezi, ameshika mche uleule.

Jumanne Nasra akashuka Busi na mzigo. Mwanahawa alihesabu kwa kugusa. Alipofika cha ishirini akakigonga kwa ukucha.

"Hiki kinalia kama ndoo."

Kilikuwa cha plastiki, kimepakwa rangi ya ukindu. Kilitoka kwa mkurugenzi.

"Changu kiko wapi?"

Machozi yakamlenga Nasra.

"Usinililie. Mrudishie chake, uniletee changu kabla ya Jumamosi," alisema shangazi. "Na usikipeleke kitupu. Sisi si wao."

Wanawake walikuwa uani wakikaanga maandazi. Kalenda, waligundua, ni karatasi nene, inanyonya mafuta vizuri sana.

Jumatano Nasra aliweka kile kikapu cha plastiki, kimejaa maandazi, mezani kwa mkurugenzi. Methusela akachukua andazi, akalifungua. Uso wake wa mwezi Machi ulikuwa umelowa mafuta mpaka unaangaza upande wa pili.

"Hiki ni nini?"

"Kifungashio rafiki wa mazingira, bosi. Na cha shangazi?"

Akafuta mikono taratibu. Kidole kimoja kilikuwa na plasta. "Kiko nyumbani kwangu, kule Zuzu. Mke wangu, Mama Noeli, alikiacha jikoni, kuku wake akaingia, akaatamia. Nimejaribu kumtoa. Ananidonoa."

Nasra akapiga simu, akaweka sauti kubwa. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mayai mangapi?"

"Kumi na moja, mama," alijibu Methusela mwenyewe.

"Bado siku ngapi?"

"Tisa."

"Asimguse mtu. Hamza atapeleka kumi na tisa, cha ishirini kitafuata na vifaranga vyake. Nasra, njoo harusini."

Methusela aliiinamia simu. "Mama, vifaranga ni vya mke wangu. Kinachorudi si kikapu tu?"

Nasra alikuwa ameshainuka, begi begani. "Chombo hakirudi kitupu, bosi," alisema. "Ni kwa mujibu wa utaratibu."