Presha Tisini

Kama kuna mtu aliyeamini kwamba kila kitu hupimika, alikuwa fundi mizani mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Gramu. Alizunguka madukani na kisanduku chake cha mawe ya mizani, akihakikisha kwamba kilo ya muuza sukari ni kilo kweli. Mizani ikikataa, aliifungua, akaipangusa vumbi, akaikagua kipande kwa kipande, na kosa likaonekana. Halikuwahi kumshinda.

Ndiyo maana mkewe, mwalimu wa chekechea, alipofunga sanduku lake na kuhamia kwa dada yake, Gramu alikaa miezi minne akitafuta kosa. Hawakuwa wamegombana. Hakuwa mlevi, hakuwahi kumwinulia mkono, hakuwa na wa pembeni. "Sina la kukushtaki kwa mtu, mume wangu," alimwambia pale mlangoni. "Nimechoka tu." Sasa kuchoka nako mtu anakufungua wapi?

Mwisho wa mwezi mwalimu alikuwa anahamishiwa shule ya mji mwingine, mbali. Kabla ya hapo walibakiwa na asubuhi moja tu ya kuwa mahali pamoja: mashindano ya triathloni, ambayo walijiandikisha wote wawili tangu mwanzo wa mwaka. Yalikuwa mashindano mafupi ya wanaoanza: kuogelea mita mia nne bwawani, baiskeli kilomita kumi na tano, kukimbia tatu, moja likiisha unarukia jingine. Gramu alikuwa amekata shauri. Wakimaliza, atamwomba arudi nyumbani. Maneno aliyapunguza hadi yakabaki machache, akayakariri kila akinyoa ndevu.

Hayo yalikuwa mashindano yao ya tatu. Mchezo huo waliujifunza kwa kuanguka, kama mtoto anavyojifunza kutembea. Mara ya kwanza Gramu aliingia majini kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Hajafika nusu, pumzi imekata, akamalizia chali akitazama mawingu. Akajifunza kuanza pole pole. Mara ya pili alijifunza kwamba miguu ikishuka kwenye baiskeli husahau kukimbia, huenda kama ya kuazima. Mara hiyo hiyo alisimama njiani kumsubiri mkewe, chupa ya maji mkononi. Mwalimu alimpita bila kuipokea.

"Kimbia zako! Nimekwambia unisubiri?"

Gramu aliona ni jua na uchovu. Jioni aliandika kwenye daftari lake: wakati mwingine, chupa mbili.

Siku ya mashindano alifika kabla hakujapambazuka vizuri. Baiskeli zilitundikwa kwenye vyuma virefu kwa kufuata namba. Yake ilikuwa hamsini na saba, na ya mkewe, hamsini na nane, ilikuwepo tayari. Mwenyewe alikwisha kwenda bwawani kupasha mwili moto. Upande wa pili alikuwa jirani yao kinyozi, mwenye namba hamsini na sita na kitambi kisicho na namba.

"Gramu! Hata jogoo umemwacha kitandani?"

"Nawe je?"

"Mimi nimefukuzwa. Mke wangu anasema nikizama, nizame mapema, ana shughuli mchana."

Gramu alicheka nusu. Alichukua pampu, akajaza tairi zake, kisha, bila hata kufikiri, akainama kwenye zile za mkewe. Tisini mbele, tisini nyuma. Mwaka mzima baiskeli ile ilikula presha tisini. Aliijua kama tarehe yake ya kuzaliwa.

"Hiyo si yako," kinyozi alisema.

"Najua ni ya nani."

"Amekuomba?"

"Tangu lini akaomba?"

Kinyozi akarudi kwenye baiskeli yake.

Ukingoni mwa maji yeye na mkewe walisalimiana kama watu waliokutana foleni ya posta. Umeamkaje, salama, wewe je, salama. Mwalimu alikuwa amenyoa nywele fupi. Gramu alitaka kusema zimempendeza, filimbi ikalia.

Aliogelea vizuri kuliko siku zote, kwa utulivu, akihesabu mikono. Alipotoka jua lilikuwa limeshapanda na vyuma vya baiskeli vinang'aa. Alikuwa anafunga kofia ngumu kidevuni alipoona gurudumu la nyuma la hamsini na nane. Tairi lilikuwa limechomoka, limening'inia.

"Limepasuka kama bunduki," alisema msimamizi wa pale. "Hata mimi niliruka. Mtu kajaza upepo kupita kiasi, jua likamalizia."

Gramu alipiga magoti. Tairi lilikuwa jipya, nene kuliko lile la zamani. Ubavuni pameandikwa wazi: isizidi sitini. Yeye aliyepata ugali wake kwa kusoma tarakimu ndogo hakuwa amesoma hiyo.

Tayari alishatoa tyubu ya akiba kwenye mkoba wake, mkewe alipofika, maji yakimchuruzika.

"Sogea."

"Ni mimi. Nilijaza..."

"Najua ni wewe. Nani mwingine?" Hakuwa amekasirika, na hilo lilimuuma zaidi.

"Niachie, dakika tano tu. Tyubu ninayo."

"Ninayo yangu." Alifungua mkoba wake mdogo chini ya kiti, akatoa tyubu na vyuma viwili vya kubandulia tairi. Gramu hakuwahi kujua kama anavyo.

"Umejifunza lini?"

"Kwa dada, jikoni. Nimebadilisha mara kumi. Mara tisa nimebana vidole." Alikuwa ameshapindua baiskeli magurudumu juu. Watu walikuwa wanawapita wakikimbia, baiskeli mikononi.

"Usianzie hapo," Gramu alisema, "anzia upande wa..."

Neno lilitoka kabla hajalishika. Mkewe aliinua uso akamtazama.

"Unaona?" alisema taratibu.

"Hamsini na saba!" msimamizi akapaza sauti. "Unaenda au umehamia hapa?"

"Nenda," mkewe alisema. "Nakuomba. Nenda."

Akaenda. Kilomita kumi na tano ni nyingi kwa mtu anayefikiri. Alikumbuka siku ile zahanati, daktari alipomuuliza mkewe anaumwa wapi, naye Gramu akajibu, tena kwa tarehe na saa. Daktari akamsifu: mama umepata mume. Mkewe alikaa kimya, mkoba mapajani. Alikumbuka chupa, miavuli, vifungo alivyomfunga shingoni. Miezi minne alikuwa akitafuta kosa miongoni mwa mabaya yake, na kumbe lilikuwa limekaa pale pale kwenye jambo alilojivunia kuliko yote. Upepo ulimkausha machozi, mengine yakaja.

Alimaliza mbio bila kutazama saa. Akasimama kando ya uzio, mikono mitupu, akingoja. Kinyozi alifika akihema kama mvukuto, akajilaza chini. Mwalimu alikuwa wa tano kutoka mwisho. Mikono ilikuwa myeusi kwa grisi hadi viwikoni, na alikuwa anacheka.

"Dakika kumi na nne!" alimwambia Gramu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. "Nimelirudisha mwenyewe. Na la mbele nikalipunguza upepo, lisije nalo likanipasukia!"

Gramu alikuwa hajauona uso huo kwa muda ambao hakuweza kuuhesabu. Yale maneno machache yalikuwa ulimini. Aliyasikia jinsi ambavyo yangetua: angemnyang'anya hata hizo dakika kumi na nne.

"Hongera," alisema. "Hongera sana. Na huko uendako, safari njema."

"Asante, mume wangu."

Lilikuwa neno la mazoea, na wote wawili walilisikia. Mwalimu akatazama pembeni. Alitazama mikono yake, akatafuta cha kujipangusia. Ndani ya mkoba uliokuwa kiunoni mwa Gramu kulikuwa na kitambaa safi, kimekunjwa mara nne. Gramu aliupeleka mkono nyuma ya mgongo, akaushika kwa mkono wa pili, akaushikilia, mpaka mkewe alipochuchumaa na kujipangusa kwenye majani.