Ripoti ya Mchemraba wa Zege

Jumanne mchana, wali maharage ukiwa haujashuka vizuri tumboni, wanafunzi watatu wa mwaka wa pili wa uhandisi wa ujenzi walisimama mbele ya mashine ya kubana zege, katika chuo kimoja nje kidogo ya Tanga, njia ya kwenda Pongwe. Timotheo alikuwa kashika mkono wa mashine, Loveness kashika simu apige picha, na Mize kashika kalamu. Mchemraba wao wa zege ulikuwa umelala kwenye maji muda wote unaotakiwa, na kwa kuutazama ungedhani ni mzima. Ulibanwa kidogo tu, ukapasuka kama andazi la jana. Mshale ulisimama kwenye tisa.

"Ishirini na tano," alisema Timotheo, akimaanisha namba iliyopaswa kusomeka.

"Tisa," alisema Mize.

Ndani ya zege lililopasuka mlikuwa na vipande vya makombe ya pwani. Hilo halikumshtua mtu. Mchanga wa maabara uliisha tangu muhula uliopita, kwa hiyo wanafunzi walichota ule uliobaki kwenye ujenzi, nyuma ya hosteli mpya ya wasichana, na ule mkandarasi aliuzoa ufukweni, upande wa Kigombe, kwa sababu mchanga wa mto unauzwa na wa ufukweni una chumvi tu. Mkandarasi alikuwa shemeji yake Mkuu wa Chuo, mtu mkarimu sana kwenye harusi za watu.

Sasa, pale chuoni ripoti ya maabara haikuandikwa, ilirithiwa. Kila kundi lilikuwa na desa lake, yaani ripoti ya kaka na dada waliotangulia, nao waliipata kwa waliowatangulia wao. Kwa desa hilo zege la chuo halikuwahi kushuka chini ya ishirini na tano, hata mwaka ule mashine ilipokuwa mbovu. Timotheo na Loveness walinakili kwa mwandiko mzuri. Mize aliandika tisa. Wala haukuwa ushujaa. Alizaliwa Pemba, katika nyumba ambayo karafuu mbichi haikuchanganywa na kavu ili gunia lizidi uzito, na mkono ukishalelewa hivyo huwa mgumu kufundishika.

Kufika Ijumaa, ripoti zilikuwa zimeshika. Ya Timotheo ilimponyoka mlangoni ikavunja kigae. Ya Loveness ilibidi ajitwike kichwani juu ya kata. Kurasa zilikuwa zimegandamana zikawa jiwe la kijivu, na jina la mwanafunzi likisomeka vizuri upande wa juu. Mwalimu wa somo, Injinia Yona, alitoa nyundo kwenye droo, akazigonga moja moja huku ametega sikio.

"Hii imekomaa," alisema, akampa Timotheo themanini.

Ripoti ya Mize ilikuwa inapepea kwa upepo wa feni. Injinia Yona aliibonyeza, kidole kikazama.

"Binti, hii laini."

"Ndivyo mashine ilivyosoma, mwalimu."

"Mashine haisahihishi, nasahihisha mimi. Irudie kabla ya mtihani, la sivyo utarudia mwaka." Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akamtania kidogo. "Si unaijua Tanga? Waja leo, kuondoka majaaliwa."

Wiki iliyofuata nguzo za hosteli zilianza kumwagika. Zilimwagika taratibu, kama mfuko wa unga uliotobolewa na panya, na wasichana walifagia mchanga kila asubuhi kabla ya kwenda darasani. Fundi Zubeiri, mtunza majengo, aliomba saruji, akajibiwa bajeti imefungwa. Basi alichukua toroli, akaenda ofisini kwa Injinia Yona, akapakia ripoti. Alizipanga moja juu ya nyingine pale nguzo ilipokuwa, mpaka zikagusa boriti, akashusha timazi. Zilikuwa zimenyooka. Zilipopungua alifungua stoo akachukua za miaka ya nyuma, ambazo zilikuwa ngumu zaidi kwa kukaa. Mkuu wa Chuo alikuja kukagua, akaegemea nguzo mojawapo, akasifu ubunifu wa ndani.

Nguzo ya kona, iliyobeba chumba cha juu walicholala Mize na Loveness, ilipungukiwa na ripoti moja. Fundi Zubeiri alijaribu kuchomeka ile ya Mize. Ilibonyea ikawa chapati.

"Mwanangu, imebaki yako tu," alisema fundi, bila kulaumu.

Kuanzia hapo kitanda cha Loveness kikawa kinateleza kuelekea dirishani. Loveness alikifunga kwa mtandio kwenye kitanda cha Mize.

"Mie nasali zangu, mwaya," alisema. "Wewe andika unavyoona. Ila nikianguka, nakuangukia wewe."

Mize alikwenda kwa Mkuu wa Chuo, akaamkia, akaitikiwa.

"Wahamisheni wasichana, mzee. Zege lile ni tisa."

"Mbona nguzo zimesimama?" Mkuu alimtazama kwa huruma ya kweli. "Niwahamishe kwa sababu gani? Kilichobaki ni ripoti yako. Unawaweka wenzio hatarini kwa ubishi."

Mize alitoka pale machozi ya hasira yakimtiririka. Aliyejenga kwa mchanga wa ufukweni alikuwa kwake anakula, na mkosaji wa chuo kizima sasa alikuwa yeye. Alimpigia simu mamake, Bi Mwanaima, kule Wete, akamweleza yote. Alitaka akatazwe. Akikatazwa na mama angeweza hata kurudia mwaka kwa moyo mweupe.

"Huyo Loveness ana mama?" aliuliza Bi Mwanaima.

"Anaye. Yuko Lushoto, mwimbaji wa kwaya."

Kuku walisikika wakigombana uani.

"Basi andika, mwanangu. Mtoto wa watu asianguke kwa ajili ya kweli yetu."

"Na zile karafuu, mama?"

"Juu ya karafuu hakulali mtu."

Jumamosi asubuhi Mize alikaa mezani. Aliandika lengo, vifaa na njia, vyote vya kweli, na karatasi ikabaki karatasi. Alipofika kwenye matokeo akaandika ishirini na tano, na kiganja chake kikahisi ubaridi ukipanda kutoka chini. Kwenye hitimisho aliandika kwamba zege hili linafaa kubeba makazi ya watu. Meza ikalia, na Mize naye akalia. Aliona aibu, aibu hasa, ile ya mtu kukwepa kioo chake mwenyewe.

Timotheo na Loveness walimsaidia kuishusha ngazi. Ilikuwa nzito kuliko zote, pengine kwa sababu aliyeiandika alijua. Fundi Zubeiri aliichomeka, akaisukuma kwa nyundo ya mbao, na boriti ikatulia. Huko juu kitanda kilisikika kikirudi ukutani. Injinia Yona ilibidi aje kusahihisha palepale, maana haikuwa ya kutolewa tena. Aligonga, akasikiliza kwa muda mrefu kama anayesikiliza redio, akaandika tisini na mbili ubavuni mwa nguzo kwa wino mwekundu.

"Safi sana. Sasa umelielewa somo."

"Nimelielewa, mwalimu," alisema Mize.

Muhula uliofuata chuo kilitangaza kwamba hosteli itaongezwa ghorofa. Mkandarasi alifika na kaunda suti iliyopigwa pasi vizuri, akazunguka nguzo zote, akazipapasa, akaridhika. Hakuulizia saruji wala nondo. Aliuliza tu mwaka huu wamepokea wanafunzi wangapi.