Kura Zetu Mbili

Mimi ndiye niliyeanza. Mkesha wa uchaguzi wa meya, tukimenya viazi, nilimwambia mume wangu, "Baba Rufina, wewe unamtaka Baldomero, mimi namtaka Nicasia. Kura yako inaifuta yangu. Tushuke mlima wote huo, turudi miguu imevimba, kwa faida gani? Tubaki tupande viazi. Faini ya kutopiga kura tutalipa."

Eulogio akacheka. "Leo umeongea kama wakili! Haya, hakuna kwenda."

Baldomero alikuwa amewaahidi watu wa mgodi chemchemi iliyo juu ya nyumba yetu, na alpaka wangu, wanyama ninaowafuga kwa sufu yao, hawana pengine pa kunywa. Nilikuwa na hofu, lakini hesabu yangu niliiona imenyooka.

Asubuhi Eulogio alisema kondoo mmoja haonekani, akaenda kumtafuta. Alirudi jua likizama, kidole kimefungwa kitambaa.

"Mwiba," alisema. "Usikiguse, kinawaka moto."

Nikamhurumia, nikamchemshia dawa ya majani. Mjinga mimi.

Kura zikatoka sawa kwa sawa. Huku kwetu zikilingana hivyo, umeya unaamuliwa kwa kurusha sarafu. Wiki iliyofuata tukajaa uwanjani, Nicasia akachagua upande wa ngao ya taifa. Sarafu ikapanda, ikaanguka, ikalala upande wa pili. Watu wa Baldomero wakarusha kofia juu kwa shangwe. Mimi nilipanda mlima nikilia, nikijifariji kwamba hata ningepiga kura, ya Eulogio ingeifuta.

Nilimkuta mlangoni, kidole bado kimefungwa.

"Lete mkono nikuoshe, baba. Kitaoza hicho."

"Acha, kimeshapona."

Nilikuwa nimeshafungua. Hapakuwa na mwiba wala kidonda. Palikuwa na wino wa zambarau, ule wa kituo cha kupigia kura, umeganda kuzunguka ukucha.

"Ulikwenda."

"Nilikuwa napita tu, nikaona foleni fupi..."

"Tuliahidiana, Eulogio! Usingekwenda, Nicasia angeshinda. Sarafu ingetoka wapi?"

Hakunitazama usoni. "Mama Rufina, ni kura moja tu. Si wewe uliyesema haina faida?"

Nikachukua fimbo, nikapanda chemchemini kuwarudisha alpaka zizini. Walikuwa bado wanakunywa. Nikaiweka fimbo chini, nikakaa, nikawaacha wanywe.