Bati la Kornelio

Heche alikuwa na dini mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kanisani, na aliihudhuria akipata nafasi. Ya pili aliishika kila siku: Landrova iachwe kama ilivyotoka kiwandani. Usiiongezee springi, usiitwike vyuma juu ya paa, usiitoboe. Aliyeiunda alijua anachofanya, na wewe wa Kerende mwenye keekee mkononi hujui.

Huyo wa Kerende mwenye keekee alikuwa Kornelio, fundi wa kampuni ya wapima miamba, tena shemeji yake, kaka wa mkewe Rhobi. Kornelio alikuwa hawezi kuona gari zima akalala usingizi. Mwaka wa hamsini na tano aliiongezea Landrova ya kwanza springi nene na kichanja cha chuma cha kubebea madebe. Gari likaenda nyika ya mashariki, ng'ambo ya Ikoma, ambako kiangazi hata nyumbu hupakimbia, na huko fremu ikakatika. Heche, dereva wake, alikaa akinywa maji ya rejeta mpaka alipookolewa. Siku hizo hizo baba mkwe wake akafa, akazikwa, na mkwe hayupo.

Kukosa kumzika baba mkwe si kosa la kusamehewa kwa kuombana radhi mlangoni. Kornelio angeweza kusema kweli, lakini kweli ingemuumbua yeye, basi akatangaza kwamba Heche alikuwa Ikoma analewa. Mama yao, Waisiko, akamwamini mwanawe. Akamtoa Rhobi kwa mumewe, akamweka kwake. Tangu hapo Heche aliwachukia mama na mwana, wala hakujisumbua kuficha.

Kiangazi kilichofuata zikaja habari kutoka kambi ya mashariki. Mogesi, kitinda mimba wa Waisiko, mpishi wa kambi, alijikata mguu kwa shoka, na sasa mguu umevimba na unanuka. Waisiko akasema atakwenda kumchukua mwanawe mwenyewe, na anayetaka kumzuia alale mbele ya magurudumu. Gari lililokuwepo lilikuwa Landrova mpya, na dereva aliyekuwepo alikuwa Heche. Heche akakubali upesi. Alishapiga hesabu zake: akimrudisha Mogesi hai, nani atakuwa na uso wa kumnyima Rhobi?

Ila kulikuwa na jambo. Kwa Wakurya mkwe hamtazami mama mkwe usoni, na mama mkwe hamtazami mkwe. Wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani. Hawaitani majina, na neno likiwepo hupitia kwa mtu wa tatu. Sasa watu hao watakaaje ndani ya kisanduku kimoja kutwa nzima?

"Nitaweka bati," Kornelio akasema. "Mama akae nyuma, wewe mbele, bati katikati. Mimi nitakaa nawe, akiwa na neno nitalipokea."

"Tundika shuka," Heche akasema. "Gari hili halijatobolewa."

"Shuka linapeperuka. Unataka kumwona mama yangu, mura?"

Nani angejibu swali hilo? Kornelio akatoboa sakafu, akakaza bati kwa boliti ndefu, ndefu kuliko haja, maana hakuwa na fupi na hakuona sababu ya kwenda kuzitafuta.

Wakaondoka alfajiri. Waliuvuka Mto Mara mahali maji yalipokuwa machache, wakapanda, wakashuka, na watu wawili wa mbele hawakusemezana hata kidogo. Landrova ilikwenda vizuri. Kila ilipopanda jiwe bila kulalamika Heche alifurahi kwa ubaya, kana kwamba gari linamzomea Kornelio kwa niaba yake.

Ikoma walisimama kuongeza maji. Watu wakasogea kusalimia, na Kornelio, aliyekaa kimya tangu asubuhi, akaona amepata kanisa la kuhubiria. "Mtazameni vizuri huyu," akasema kwa sauti. "Ndiye aliyekuwa analewa hapa kwenu wakati sisi tunamzika baba."

"Mbona hapa hatukumwona?" mzee mmoja akauliza.

"Mlikuwa mmelewa naye!"

Watu wakacheka. Heche hakucheka. Kornelio alipozunguka nyuma ya duka kujisaidia, Heche alipanda, akawasha gari, akaondoka. Hasira ni hasara, kila mtu anajua, naye alijua, lakini wakati ule ilikuwa tamu. Alipomwona Kornelio kwenye vumbi anakimbia ameshika suruali, aliimba.

Wimbo ulikwisha upesi. Akakumbuka kwamba nyuma ya bati yumo mama mkwe, na mtu wa tatu ameachwa Ikoma.

Wakaingia nyikani. Majani yalikuwa yamekwisha, imebaki ardhi nyeupe na upepo wa kukera. Baada ya muda bati likagongwa. Heche akakaza meno. Anataka mwanawe, akawaza, anataka nirudi nikamchukue yule mwongo. Likagongwa tena, safari hii kwa nguvu. Anitukane tu. Akakanyaga mafuta. Nyuma yake mwanamke alilipiga bati lile kwa ngumi mpaka akachoka, na Heche hakugeuka, kwa adabu na kwa chuki, na hata yeye mwenyewe asingeweza kukwambia ipi ilizidi.

Gari likakohoa, likazima.

Aliposhuka na kuinama chini ya bodi aliona yote. Boliti ya Kornelio ilikuwa imelala juu ya bomba la petroli, na kila mtikisiko wa njia umekuwa ukilisaga, mpaka bomba limepasuka kwa urefu kama muwa na petroli ikarukia ndani kwa matundu ya boliti. Tangi lilikuwa kavu. Nyuma lilibaki debe moja la akiba.

Waisiko alishuka akasimama upande wa pili wa gari, uso ameuelekeza kwenye nyika. Kanga yake ilikuwa imelowa petroli. Kisha akalisemesha gari.

"Wewe gari, mwambie anayekuendesha kwamba niligonga."

Heche akaweka mkono juu ya boneti. "Gari, mwambie mama kwamba nilisikia."

"Gari, muulize, kama alisikia, mbona hakusimama? Petroli ilikuwa inanimwagikia miguuni. Ningemwita kwa jina lipi?"

"Gari, mwambie nilidhani ananitukana."

"Mwambie sasa ndiyo namtukana." Na akamtukana, kwa Kikurya, taratibu, bila kuruka ukoo wake hata mmoja. Alipomaliza akauliza, bado akilisemesha gari, ni nini kilichoharibika. Heche akaing'oa ile boliti, akaiweka juu ya boneti, akarudi nyuma. Mama akaichukua, akaipima kwa vidole. Alijua nani aliikaza.

"Kwa hiyo na mwaka ule wa msiba..." akaanza. Boliti akaitupa mbali.

Njia ilikuwepo, na Heche aliijua tangu mwanzo, akaogopa kuitamka. Unavuta mpira kutoka kwenye debe mpaka kwenye kabureta, petroli inashuka yenyewe. Lakini debe lazima liwe juu, na lazima lishikwe. Alijaribu kulifunga kwa kamba, shimo la kwanza likamwaga petroli wasiyoweza kuipoteza. Alitaka mtu wa kukaa mbele, kando yake, debe mikononi. Akalieleza gari habari hiyo.

Waisiko alitazama mashariki, aliko mwanawe na mguu wake unaooza. Kisha akageuka, akamtazama Heche usoni, mara ya kwanza tangu amwoe binti yake. Uso wake ulikuwa wa Rhobi kabisa, ila umekasirika zaidi.

"Hapa mimi sina mkwe," akasema. "Mkwe wangu sijui yuko wapi, na sitaki kujua. Wewe ni dereva. Dereva, nipe debe."

Walikwenda hivyo, bega kwa bega, kioo cha mbele kimelazwa ili mpira upite, upepo na vumbi machoni. Kila mama alipochoka debe lilishuka, na gari likakohoa. "Juu, mama!" Heche akapiga kelele, na yeye akajibu, "Endesha, dereva!" Petroli ilimmwagikia mpaka ngozi ya mikono ikamwasha, lakini hakulishusha tena.

Walimkuta Mogesi anaweweseka, lakini hai. Kambini walipata mpira wa kufungia bomba na petroli ya kujaza tangi. Bati wakalitupa, wakamlaza mgonjwa nyuma na mama yake, wakakata nyika kurudi moja kwa moja hospitali. Daktari aliukagua mguu, akasema wangechelewa kidogo tu angeukata. Wakamwacha Mogesi kitandani, Heche akamrudisha Waisiko kwake Kerende.

Uani kulikuwa na watu. Kornelio alikuwa amefika kwa lori, na hakufika kimya.

"Huyo!" akapayuka. "Alinitupa njiani ili akae na mama yangu nyikani peke yao, bila mtu wa tatu. Mwulizeni mama kama hakumwona mkwe wake uso!"

Wazee wakainua vichwa. Waisiko akashuka taratibu, mikono imefungwa bandeji.

"Mkwe gani?" akasema. "Mimi sikusafiri na mkwe. Nilichukuliwa na dereva wa kampuni, na Mogesi yu hai. Nani ana neno na dereva?"

Kornelio alifungua mdomo, mama akamtazama, akaufunga. Kisha Waisiko akamgeukia Heche.

"Asante, dereva. Rudisha gari la watu."

Heche aliona Rhobi amesimama mlangoni. Aliona pia mtego wote ulivyokaa. Akiondoka, anaondoka msafi, hakuvunja mila, hakuna wa kumdai kondoo wa kutakasia mwiko. Lakini dereva hana mke katika nyumba ile. Kwa neno moja mama alikuwa amemwokoa yeye, ameufunika na uongo wa mwanawe, na binti amebaki mikononi mwake.

"Mimi ni mkwe wako, mama," akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nimekuona uso. Nimekaa nawe bega kwa bega. Wazee waseme adhabu yao, nitaitoa. Lakini nimekuja kumchukua mke wangu."

Wanawake wakashika vinywa. Waisiko alimkazia macho, na yalikuwa macho ya mtu anayetaka kupiga. Midomo yake ilicheza kutafuta lile neno la dereva, lisije. Ndipo akavuta kanga, akajifunika uso wote, akampa mgongo.

Hakuna mama anayejificha uso mbele ya dereva. Rhobi ndiye aliyeelewa wa kwanza, akaingia ndani kufunga mzigo wake.