Pumzi ya Konokono

Mtu huyo alitokea ng'ambo ya mto yapata saa nne za asubuhi, siku ambayo hakuna gari lililotarajiwa wala mgeni aliyeagizwa. Alikuja kwa miguu kutoka upande wa Witu, viatu vyake vya ngozi vimening'inia shingoni kwa kamba zake, kofia ya udereva kichwani. Akasimama ukingoni na kupiga ukelele kana kwamba Mto Tana ameurithi kwa baba yake.

"Enyi wa feri! Hamna masikio?"

Buya Hiribae alimsikia tangu ukelele wa kwanza, lakini hakuinuka. Alikuwa msimamizi wa kivuko cha Garsen. Filimbi iliyoning'inia kifuani pake ilikuwa ya baba yake, mzee Hiribae, kabla yake, na mwenye filimbi haitwi kama mbuzi. Wanaume sita waliovuta kamba ya chuma chini ya amri yake walimtazama, wakingoja. Akawaacha wangoje.

Buya alikuwa na dharau ya kuwatosha watu wote, na aliigawa bila upendeleo. Aliwadharau makarani kwa sababu ya vidole vyao laini, madereva kwa sababu ya kofia zao, na Wazungu kwa sababu hawakujua kukaa kimya. Wakati wa vita, kule Burma, alifungua na kufunga injini za malori ya jeshi miaka mitatu, mvua ikimnyeshea mgongoni. Tangu arudi hakuwa amemwona fundi yeyote, mweupe au mweusi, aliyestahili hata kumshikia spana.

Mgeni alipokaribia kukauka koo, Buya akachukua mtumbwi, akavuka peke yake taratibu, kama mtu anayekwenda kutazama mtego asiotarajia kitu ndani yake.

"Una gari," akauliza, "au una mdomo tu?"

"Nina gari, kaka. Yaani si langu, ni la bwana wangu. Limekataa kupanda."

"Kupanda nini? Nchi hii imelala kama mkeka."

"Kile kilima cha mchanga, pale penye miti ya mikoma."

Buya akacheka mpaka mtumbwi ukatikisika. "Kile? Punda wa mama yangu hukipanda akiwa na mimba! Jina lako nani, mwanamume uliyeshindwa na kichuguu?"

"Abdulsalam. Kwetu Kipini."

"Nilijua. Watu wa Kipini mnaendesha kwa mashairi."

Kijana alivua kofia, akajifuta jasho kwa mkono, na hapo Buya akaona kwamba macho yake hayakuwa na kiburi kama sauti yake. Akaeleza. Bwana alimwajiri Mokowe siku saba zilizopita, baada ya dereva wa kwanza kutoroka. Gari lenyewe ni lori lililojengewa nyumba mgongoni, lenye kitanda, jiko, choo, beseni la kunawia na mapazia ya maua.

"Bwana Konokono!" akasema Buya, na uso wake ukakunjamana.

Jina hilo alikuwa amempa yeye mwenyewe. Siku kumi na mbili nyuma, mto ukiwa umefurika, lori lile lilivuka likielekea Lamu. Ng'ambo ya kivuko barabara ilikuwa imelala chini ya maji ya kiunoni, ikabidi lori livutwe kwa kamba na watu thelathini. Buya alilala chali topeni, akaziba kila tundu la gari kwa nta ya nyuki, kama ilivyo desturi ya kivuko wakati wa mafuriko. Mwenye gari, Mzungu, alikaa ndani ya nyumba yake, dirisha wazi, kikombe cha chai mkononi. Chai ilipomwagika, aliwaita nyani.

"Acha kilima kimshinde," Buya akasema. "Mtu anayebeba choo chake kila aendako ana haraka gani?"

"Mimi ndiye ninayeshindwa, kaka, si yeye. Anasema gari lilipanda milima yote mpaka nilipolishika mimi. Ameapa kwamba kama tatizo halijajulikana leo, ananifukuza na kuniandikia barua kwamba naharibu magari. Kwa barua hiyo sitapewa hata punda nimwendeshe. Mke wangu ana mimba ya miezi minane."

Buya alitema mate majini. Hakupenda kuombwa, lakini alipenda sana kuthibitisha kwamba anajua.

"Sikiliza, mwana wa Kipini. Nitaiona kasoro ya gari hilo kabla jua halijapinda. Na nikiiona, nitamtaja mwenye kosa mbele ya bwana wako, jina lake na la baba yake. Akiwa ni wewe, nitakutaja. Akiwa ni yeye, nitamtaja, anifanye apendavyo."

"Unaniahidi?"

"Mwana wa Hiribae hasemi mara mbili."

Wakatembea mwendo wa saa moja. Lori lilikuwa limesimama chini ya kilima, refu, jeupe, pana matakoni, mapazia yake yakipepea. Bwana Konokono alikuwa ameketi kivulini kwenye kiti cha turubai. Hatua chache kutoka kwake, katika kivuli hichohicho, alikaa Darmi, mama wa Kiorma aliyekuwa akipeleka maziwa Garsen. Alikuwa ameona kivuli, akakitumia. Hakuona sababu ya kumwomba ruhusa mtu ambaye hakukileta.

"Hii fundi?" Mzungu akamwuliza Abdulsalam. "Mimi nasema leta fundi, wewe leta mvuta kamba."

"Ni fundi wa jeshi, bwana."

"Jeshi gani? Jeshi ya jikoni?" Akamgeukia Buya. "Hii gari panda kila mlima ya Kenya. Huyu shika siku saba tu, gari kufa. Mtu gani haribu gari yangu, mimi andika barua kwa Disii, mkubwa ya wilaya. Yeye fukuzwa kazi. Dereva, fundi, mimi hapana jali."

Buya alifungua boneti kama mtu anayefunua chungu cha jirani asiyejua kupika.

Kwanza aliliwasha. Injini ilinguruma vizuri, bila kikohozi. Akalipeleka kilimani mwenyewe. Robo ya kwanza lilipanda kwa nguvu, robo ya pili likaanza kuvuta pumzi, kisha likakohoa, likatetemeka mpaka vijiko vikalia ndani ya nyumba, likazimika. Alingoja kidogo. Likawaka tena, likapanda hatua kumi, likafa. Akaliachia lirudi chini kinyumenyume.

Alifungua plagi, akazikuta kavu na safi. Cheche ilikuwa ya kutosha kuwashia sigara. Kabureta haikuwa na mchanga. Lakini kile kibakuli cha kioo kinachochuja petroli kilikuwa nusu tupu, na hapo Buya akaguna. Petroli haifiki, basi. Tangini imejaa, injini inakufa kwa kiu.

"Bomba limeziba," akatangaza. "Mmetiliwa petroli yenye taka, na dereva akaimeza bila kuangalia." Akamtazama Abdulsalam kwa jicho la pembeni. Alikwisha kuliweka jina la kijana huyo ulimini; lililobaki ni kuuliza la baba yake.

Akalichomoa bomba, akaweka mdomo, akapuliza kwa nguvu zake zote kuelekea tangini. Akalirudisha. Safari hii lori lilipanda robo tatu ya kilima, na Buya alikwisha kutoa mkono dirishani kupungia watu, lilipokohoa na kufa kama mwanzo.

Bwana Konokono alicheka. Alicheka kwa muda mrefu, akijipiga goti.

"Fundi ya jeshi!" akasema. "Sasa mimi najua kwa nini vita chukua miaka sita."

Buya alishuka, masikio yanamwaka. Tangu Burma hakuwa amechekwa.

"Buya," Darmi akaita kutoka kivulini. "Hiyo kitu ina mafua."

"Mama, nakuheshimu. Chunga ng'ombe wako, niachie chuma."

"Mimi sijui chuma. Ndama najua. Ndama mwenye mafua hushika chuchu, ananyonya kwa nguvu, halafu anaachia. Akipumua, anarudi. Mtu mjinga anasema maziwa hakuna, anampiga mama yake. Maziwa iko. Pua ndiyo imeziba. Wewe unapiga ng'ombe bure."

"Gari halina pua, mama," Buya akasema kwa ukali.

Kisha akageuka, akalitazama gari.

Lilikuwa nayo. Tangi lolote lina tundu dogo juu ya kifuniko chake, la kuingiza hewa kadiri petroli inavyotoka. Tundu hilo likizibwa, tangi hujivuta tumbo ndani, pampu ikanyonya bila kupata. Kwenye tambarare injini huishi na kidogo ipatacho. Kilimani, inapotaka kingi, hufa. Lilipokwenda Lamu, upande huu mkali wa kilima lilikuwa likiushuka. Ukilipuliza tangi kwa mdomo, unalipatia hewa ya kupanda robo moja zaidi. Kila fundi alijua hivyo. Na Buya alijua jambo jingine kabla hajazunguka nyuma ya lori.

Alichuchumaa peke yake, upande usio na watu. Alipozungusha kifuniko, tangi lilivuta hewa kwa mlio mrefu, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Akakifuta vumbi kwa kanzu yake. Juu ya tundu lilikuwepo donge la nta, jeusi kwa uchafu, limegandamizwa bapa. Juu ya nta kulikuwa na alama ya dole gumba lenye mpasuko katikati. Mpasuko huo Buya aliupata Burma, kwa feni ya lori.

Desturi ya kivuko ilisema hivi: mkono uliofunga ndio unaofungua. Mwenye kuziba huvuka na gari mpaka nchi kavu, akatoa nta yake kwa vidole vyake, kisha hupiga filimbi, gari likaenda. Mzee Hiribae hakuwahi kupiga filimbi kabla ya kuhesabu nta zake mkononi. Na siku ile Buya hakusahau tu. Alizitoa zote ila hii moja, kwa sababu neno nyani lilikuwa bado linamzunguka kichwani. Lakini aliikumbuka lori likiwa halijafika kwenye miti, umbali wa ukelele mmoja. Filimbi ilikuwa bado mdomoni; mlio mmoja ungelisimamisha. Akamtazama konokono yule akiyumba na mapazia yake, akaitoa filimbi mdomoni, akasema moyoni: na aende zake.

Alidhani anamdharau Mzungu. Mzungu alikuwa amekunywa chai yake siku zote kumi na mbili. Aliyebanwa pumzi alikuwa kijana wa Kipini ambaye siku ile hakumjua hata jina.

Aliing'oa nta kwa ukucha. Ilikuwa laini kwa jua, kubwa kama punje ya mahindi. Angeweza kuitupa mchangani na kusema ni taka za njiani, lori likapanda, watu wakampongeza. Au angesema kwamba dereva wa kwanza ndiye aliyeziba, yule aliyetoroka, naye asingerudi kujitetea. Na kama ni dharau, basi mtu aliyestahili kudharauliwa kuliko wote katika kilima kile alikuwa amechuchumaa hapo akitafuta uongo wa kufaa.

Alirudi mbele, akaliwasha lori. Likapanda kilima bila kikohozi, likageuka juu, likashuka, likapanda tena. Abdulsalam alikimbia kando yake kama kichaa. Darmi hakuinuka.

"Nimesema mafua," akasema.

Bwana Konokono alisimama. Hakucheka sasa. Alichotaka ni kile alichotaka tangu asubuhi, mtu wa kuandikiwa barua.

"Sawa. Gari nzuri. Nani haribu? Huyu?"

Abdulsalam alikwisha kuvua kofia. Alimtazama Buya kama mtu anayesomewa hukumu kwa lugha asiyoijua.

"Si huyu," Buya akasema. Akafungua kiganja, akaionyesha nta. "Tundu la hewa lilizibwa na hii siku ya mafuriko, Garsen. Aliyeiweka ilimpasa aitoe. Hakuitoa. Alijua, akaacha."

Mzungu alichukua daftari dogo mfukoni na kalamu ya risasi, akailamba ncha. "Disii yuko rafiki yangu. Yeye tafukuza hiyo mtu kesho. Jina?"

Darmi alikuwa ameacha kufunga kibuyu chake cha maziwa. Abdulsalam alitazama nta, kisha akatazama dole gumba lililokuwa kando yake, na mdomo wake ukafunguka taratibu.

"Kaka," akanong'ona, "basi. Imetosha. Mwambie humjui."

Buya aliivua filimbi shingoni. Uzi wake ulikuwa umechakaa, umelainishwa na shingo mbili. Aliishika pamoja na nta, katika mkono mmoja.

"Andika," akamwambia Mzungu. "Buya."

"Buya," Mzungu akarudia, akiandika, bila kuinua macho. "Baba?"

Jina hilo halikuwahi kuandikwa katika karatasi ya ubaya. Buya akalitamka polepole, herufi baada ya herufi, Mzungu asije akakosea.

"Hiribae."