Mlango Nilioupiga Msasa

Binti yangu ndiye aliyeniandikisha, na hakuniuliza. Alikuja jioni moja, akaweka kikaratasi mezani karibu na kitabu changu cha sala, akasema, "Mama, kila Jumamosi asubuhi, wiki sita. Ni darasa la kuchora kwa rangi, la wanaoanza na wanaoogopa."

"Nani anaogopa?"

"Wewe unaingia mara mbili. Unaanza, na unaogopa."

Nikamwambia mimi nimeishia shule ya msingi, na hata huko nilipochora ng'ombe, mwalimu aliniuliza kama ni kitanda. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Ndipo akasema amepata kazi ya uuguzi katika mji wa mbali, safari ya siku mbili, na anaondoka Jumapili itakayofuata darasa la mwisho. Huko amepewa chumba chenye kuta nyeupe tupu.

"Sitaki sufuria wala shuka," akasema. "Nataka mlango wetu. Uuchore wewe, kwa mkono wako, niutundike ukutani."

Mlango wetu haupo tena. Mchwa waliula kuanzia chini, na mwaka juzi mwenye nyumba akatuwekea wa chuma. Lakini ule wa mbao marehemu mume wangu alikuwa akiupiga rangi kila mwisho wa mwaka. Alikuwa fundi rangi wa nyumba za watu, na mlango wetu ulipata zile zilizobaki kwenye makopo, kwa ruhusa ya wenyewe. Mwaka huu kijani, mwaka ujao nyingine. Binti yetu hakuwahi kubisha hodi hata siku moja. Akitoka bombani na ndoo mbili mikononi aliupiga teke kwa chini, nami nikisema, "Mtu hubisha hodi," yeye keshafika jikoni.

Hatukuwa na picha ya mlango huo hata moja. Basi nikaenda.

Darasa lilikuwa kwenye chumba nyuma ya maktaba, meza zimefunikwa plastiki. Tulikuwa wanafunzi wanane. Mwalimu wetu, msichana mwenye doa la rangi kwenye nywele ambalo hakulijua, alimpa kila mmoja fremu iliyowambwa kitambaa kizito cheupe, kanvasi yenyewe, na brashi tatu, na sahani yenye matone ya rangi. Aliyekaa kando yangu alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu. Alikuja na rula. Kabla ya saa ya chai sote tulishamwita Bwana Rula.

"Sheria ni moja tu," mwalimu akasema. "Hii rangi ya akriliki mnaichanganya na maji, na inakauka upesi. Ukikosea, usihuzunike. Isubiri ikauke, piga nyingine juu yake."

Dakika kumi hakuna aliyegusa kitu. Tulikodolea macho ule weupe kama watu walioitwa kutoa ushahidi. Mkono wangu huu umewahi kuzalisha majirani wawili bila kutetemeka, lakini kibrashi chepesi kama kijiti cha kiberiti kiliushinda. Nikasali kimoyomoyo, ile sala fupi ninayosali kabla ya safari, nikachovya.

Nilichora mlango wa kijani. Haukuwa mbaya. Umeinama kidogo, lakini ni mlango, si kitanda. Nikarudi nyumbani nimefurahi, na nikiwa namenya vitunguu nikakumbuka kwamba mwaka aliozaliwa binti yangu mlango haukuwa kijani. Ulikuwa wa samawati.

Jumamosi ya pili nikaufunika wote kwa samawati. Ya tatu nikasema, hapana, yeye mwenyewe ataukumbuka wa njano, wa wakati anaanza shule. Nikapiga njano, mara mbili, maana samawati ilikuwa inachungulia. Ya nne nikapiga damu ya mzee, kwa sababu hiyo marehemu aliipenda kuliko zote. Ya tano nikapiga kijivu, ndiyo ya mwisho aliyopiga kabla hajaugua.

"Dada," Bwana Rula akaniambia, "huo mlango wako unabadili nguo kila wiki. Una mchumba?"

"Na wewe kaka, nyumba yako imenyooka mpaka inatia hofu. Nani atalala humo?"

"Mwenye rula."

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini nilipoutazama ule mlango wa kijivu, kicheko kilinikauka. Ulikuwa umekaa pale kama ubao. Hakuna mtu aliyewahi kupita hapo. Na nyumbani masanduku ya binti yangu yalikuwa tayari yamesimama ukumbini.

"Mama, mlango umefika wapi?"

"Unakauka."

"Wiki ya tano?"

"Mbao nzito hizo, mwanangu."

Jumamosi ya mwisho niliamka mapema, nikasali, nikaamua. Nitaurudisha kwenye samawati na iwe basi. Lakini rangi tano zilikuwa zimefanya matuta, ukipitisha kidole unasikia kila mchirizi wa brashi. Marehemu hakupiga rangi juu ya matuta maisha yake yote. Alisema rangi nzuri juu ya ukuta mbaya ni kumvisha suti mtu ambaye hajaoga. Nikafungua kisanduku chake cha bati. Msasa laini ulikuwemo bado, umekunjwa mara nne kama alivyokuwa akiukunja. Nikautia kwenye mkoba.

Darasani nikaulowanisha msasa kwa maji, nikaanza kukwangua.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Vichwa vyote viligeuka. "Nani anaosha sufuria?" akauliza Bwana Rula.

Mwalimu alikuja mbio mpaka akaangusha kopo la brashi. "Mama, unafanya nini? Hiyo ni kanvasi, si ukuta."

"Nalainisha nipige mkono wa mwisho wa rangi. Kwetu ndivyo inavyofanywa."

"Huku hatupigi msasa, mama. Huku hatu..." Akainama kuitazama kanvasi.

Nikatazama alipokuwa anatazama. Kijivu kilikuwa kimeondoka katikati, na chini yake damu ya mzee imetokeza, na pembeni yake njano, na mahali matuta yalipokuwa makubwa zaidi samawati imefika juu, na kipande cha kijani kama ukucha. Wiki sita za kazi na kesho mtoto anasafiri, na mimi nimeichuna picha kama kuku.

Nikaweka msasa chini. Nikakaa. Nikaangalia tena, kwa utulivu, kama ninavyoangalia chungu nikihisi kimeungua, kujua kimeungua wapi.

Hapo nikauona mlango wetu.

Maana haukuwahi kuwa wa rangi moja. Pale mikono yetu ilipokuwa ikishika, kando ya kitasa, rangi zote zilikuwa zimelika na zikachungulia, ya miaka yote. Na chini, pale palipopigwa teke na mtu mwenye ndoo mbili, palikuwa na doa refu lililofika hadi kijani. Mimi ndiye niliyekuwa nikilifuta doa lile kila asubuhi, na nilikuwa nimelisahau.

"Mwalimu," nikasema, "naomba niendelee."

"Endelea, mama," akasema polepole. "Sijawahi kufundisha hivyo, lakini endelea."

Nikakwangua pale kitasa kitakapokaa, kwa kidole kimoja nyuma ya msasa. Nikakwangua chini, kwa nguvu, mpaka kijani. Sehemu nyingine nikaziacha na kijivu chake. Bwana Rula alisimama nyuma yangu ameshika rula bila kazi.

"Kumbe nguo zote zilikuwa za sherehe moja," akasema.

Mwishoni nikachora kitasa cheusi, tone zito la rangi, nikamshukuru Mungu.

Binti yangu alikuja kunichukua saa sita. Alipita katikati ya meza akisalimia watu, shikamoo huku na shikamoo kule, kisha akafika kwangu. Alichuchumaa, akaiangalia picha kutoka juu mpaka chini, na alipofika kwenye lile doa la kijani akatazama ncha ya kiatu chake. Akaanza kucheka, machozi yanamtoka.

"Hili ni langu hili."

"La nani tena?"

Akajifuta uso. Akakunja kidole, akagonga kwenye fremu, taratibu, mara tatu.

"Hodi."

Miaka yote ile ya ndoo, ndiyo mara ya kwanza. Nilitaka kujibu, nikatanguliwa. Bwana Rula akajibu kwa niaba yangu, "Karibu," na darasa zima la watu waoga likaitikia nyuma yake, "Karibu."

"Ingia, mwanangu," nikasema baada yao. "Ila usishike kitasa, bado kibichi."

Nilichelewa. Alikuwa ameshakishika.