Zulia la Kumpandisha Mellt

Tangu mama mkwe wake ahamie kwao, Nerys Probert hakupata kunywa chai ikiwa moto. Si kwamba Bibi Beti alikuwa msumbufu. Alivunjika nyonga akianika nguo, na sasa alilala chumba cha juu, karibu na choo, akijikokota kwa mkongojo kutoka kitandani hadi dirishani. Msumbufu alikuwa Mellt, mbwa wake wa mbio aliyestaafu, jike mrefu, mwembamba, miguu kama fito. Mellt alikaa chini ya ngazi akilia. Hakubweka, alilia kwa sauti nyembamba, kama birika linalokaribia kuchemka, na kule juu Beti alimjibu, "Niko hapa, mama, niko hapa." Basi wakaitikiana hivyo kutwa.

Ngazi zilikuwa za mbao tupu. Zulia la zamani lilichanwachanwa na Siencyn, paka wa nyumba, mpaka Idwal, mumewe Nerys, akalibandua kwa hasira, akapiga mbao msasa na kuzipaka vanishi zikang'aa. Wageni walizisifia. Lakini siku aliyofika, Mellt alisikia sauti ya Beti huko juu akakimbilia kupanda. Alipofika katikati, kucha zikakosa pa kushika, akaporomoka mpaka mlangoni. Hakuvunjika kitu, ila tangu hapo akiweka guu kidato cha kwanza tu, hutetemeka mwili mzima.

"Mbwa mahali pake ni chini, karibu na moto," alisema Idwal.

"Mahali pake ni kwa mwenyewe. Na mwenyewe ni mama yako."

"Basi nitambeba."

Akambeba kweli, miguu ya mbwa ikining'inia huku na huku. Siku ya pili mgongo ukamkamata, akawa anavaa soksi kwa kuegemea ukuta. Hata hivyo hakutaka kusikia habari ya zulia. "Zile mbao nimezipigia magoti, Nerys."

"Najua. Ni nzuri sana. Ila mbwa haziwezi." Akachukua koti lake, akaenda mjini.

Muuzaji wa mazulia alimpeleka moja kwa moja kwenye zulia la vitanzi vidogo vidogo vya uzi. "Hili ndilo imara, mama. Hutandikwa maofisini, viatu vinapita mwaka mzima."

"Kwangu hakupiti viatu. Kunapita kucha."

"Kucha za nani?"

"Za paka mwenye roho mbaya na mbwa mwoga."

Yule bwana akacheka, akamletea jingine, nene na laini, mkono unazama. La tatu Nerys alilipata mwenyewe, kwenye kona: sufu iliyochanganywa na nailoni, nyuzi zimesokotwa, zikakatwa fupi na kushonwa kwa kubanana, hata alipolikunja hakukiona kitambaa cha chini zilikoshonewa.

"Hilo halina mvuto sana," alisema muuzaji.

"Hata mimi sina," alijibu Nerys, akaomba sampuli za yote matatu.

Nyumbani alizipigilia kwenye vidato vya chini. Idwal alitokea jikoni akakuta kazi imekwisha.

"Umetia misumari kwenye vanishi yangu."

"Midogo."

Siencyn hakuchelewa. Aliliendea lile la vitanzi, akanasa ukucha, akavuta, uzi ukafumuka kama sweta.

"Amechagua lipi?" Beti aliuliza kutoka juu.

"La ofisini, Mama. Amelimaliza."

La pili alilala juu yake, akaliachia manyoya ambayo ufagio haukuyaweza. Mellt alipolikanyaga, guu likazama asijue ukingo wa kidato uko wapi, akalirudisha haraka. La tatu Siencyn aliliparura kwa bidii, asipate pa kunasa. Akamtazama Nerys kama mtu aliyedhulumiwa, akaondoka. Mellt akaweka guu moja, akaongeza la pili, akasimama. Alitetemeka, lakini alisimama. Nerys akalimwagia chai, akalipaka tope la bustanini, akalifuta kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu. Doa likatoka.

Idwal alikuwa ameegemea mlango muda wote huo. "Weka katikati tu basi," alisema, "mbao zionekane pembeni."

Nerys alitaka kukubali. Alimtazama mumewe na mgongo wake uliopinda, kisha akamtazama mbwa. "Anatembea akiegemea ukuta, Idwal. Litandikwe ukuta kwa ukuta."

Idwal alipiga magoti polepole, akaanza kung'oa misumari kwa koleo. "Nani anapigilia msumari kwa nyundo ya kupondea nyama?" alinung'unika. Kesho yake alikwenda mwenyewe kuzungumza na fundi. Alirudi akisema fundi atatandika kwanza tabaka nene la manyoya yaliyoshindiliwa, na zulia livutwe kwelikweli kwenye kingo za vidato. "Likilegea pale, halifiki Krismasi."

Rangi aliichagua Beti. "Chukueni ya kijivu yenye weusi. Mbwa kijivu, paka mweusi. Mtafagia mkijisikia."

Fundi akaja, akatandika, akaenda zake. Mellt akalinusa zulia, akalala chini ya ngazi.

"Sasa je?" alisema Idwal.

Nerys alileta jibini. Kila siku kabla ya chai alimwinua mbwa guu moja baada ya jingine, kipande cha jibini kwa kila kidato, kisha wanarudi chini. "Na wewe, Mama, usimwite. Mara ile aliikimbilia sauti yako." Kunyamaza kulimtesa Beti kuliko nyonga. Walisikia mkongojo wake ukigonga sakafu, ukinyamaza, ukigonga tena.

Alasiri moja ya mvua walifika katikati, pale pale alipoteleza. Jibini ya mkononi ilikuwa imekwisha. Mellt akasimama. Nerys alikuwa nyuma yake, bega limekaza kwenye mapaja ya mbwa, hasogei. Mellt akakandamiza kucha kwenye zulia. Zikashika. Akakandamiza tena, kama asiyeamini, kisha akakusanya miguu ya nyuma na kuruka vidato vyote vilivyobaki. Kitanda kikalia. Sauti ya Beti ikasikika, lakini si kwa maneno.

Nerys alikaa kwenye kidato mpaka pumzi ikatulia. Kisha akashuka, akajimiminia chai, akainywa ikiwa moto, Idwal kakaa mbele yake akisugua mgongo.

"Nerys, mwanangu," Beti aliita baada ya muda. "Mellt anataka kutoka nje. Amesimama huku juu anatazama chini, anatetemeka. Na zulia bado jipya."

Idwal akamtazama mkewe. Nerys alikuwa ameshafungua friji.